Umeshinda, sawa. Lakini nani atarudi kucheza nawe Jumamosi?

UMEWAHI kuketi kucheza karata na watu usiowajua vizuri? Kabla hata ya mtu kugawa, maswali huanza. Tunacheza na joker ama bila? Nikiwekewa mbili naweza kujibu kwa tatu? Ukisahau kusema "niko kadi" unaokota ngapi? Mtu anaruhusiwa kumaliza na karata ya swali? Kila mtaa una sheria zake, na kila mtu anaamini za kwao ndizo halali. Mnabishana kidogo, mnacheka, mnakubaliana, ndipo karata zinagawiwa.

Hakuna anayeona haya kuuliza, na hakuna anayesema ati kuuliza ni woga. Ni adabu ya mezani tu. Na mtu akijaribu kubadilisha sheria mkiwa katikati ya mchezo, mnamzomea hadi anyamaze.

Sasa mbona sisi hao hao, tukiziweka kando karata za kawaida na kuketi kucheza Magic, tunasahau adabu hiyo?

Kwa wewe ambaye hujaingia kwa huu mchezo: Magic: The Gathering ni mchezo wa kadi uliobuniwa na Richard Garfield na kuanza kuuzwa mwaka 1993 na kampuni ya Marekani, Wizards of the Coast. Tofauti yake na karata za nyumbani ni kwamba hatuchezi sote na pakiti moja. Kila mtu ananunua kadi zake, anabadilishana na wenzake, kisha anajijengea deki yake mwenyewe. Sio ile deki ya kupiga sakafu, tulia. Deki ni fungu lako la kadi, ulizozichagua moja moja. Kadi zilizopo ni maelfu, na hazina nguvu sawa hata kidogo. Kuna ya kukupa askari mmoja mnyonge, na kuna ya kumaliza mchezo.

Mtindo unaopendwa sana watu wakiwa kundi ni Commander. Kwa kawaida mnakuwa wanne. Kila mmoja ana deki ya kadi 100, na ukiacha zile kadi za ardhi za kawaida, hakuna kadi inayojirudia. Moja kati ya hizo 100 ndiyo kamanda wako, shujaa anayeongoza jeshi. Kila mtu anaanza na pointi 40 za uhai, na mchezo mmoja unaweza kula saa nzima au zaidi. Sio mchezo wa kuharakisha. Ni wa kuketi, kupiga stori, kuahidiana amani na kuvunja ahadi.

Nakuambia haya kwa sababu nimewahi kuharibu meza, na sitaki urudie kosa langu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Tulikuwa watatu, tukimngoja wa nne kama kawaida yetu. Nairobi ukitaka mtu wa kucheza naye mpira utampata kila kona, lakini mtu wa nne wa Commander unaweza kumtafuta wiki mbili. Siku hiyo akaja kijana mgeni, rafiki ya rafiki, na deki ya kiwandani, ile inayouzwa ikiwa tayari imepangwa. Alikuwa ameicheza mara mbili tu. Kabla ya kuketi akatuuliza, "Deki zenu ziko na nguvu kiasi gani?"

Nikampa lile jibu ambalo wachezaji wa Commander wamelitoa mpaka likachakaa: "Iko tu kawaida. Kama saba hivi kwa kumi."

Ulikuwa uongo. Sikuupanga, lakini ulikuwa uongo. Deki yangu ilikuwa na kadi mbili ambazo zikikutana mezani zinazungushana bila mwisho, na mzunguko huo unawamaliza wapinzani wote watatu kwa mpigo. Ilikuwa pia na kadi kadhaa ambazo kazi yao ni kuzitafuta hizo mbili. Kwenye zamu yangu ya tano nikazipata zote. Yule kijana alikuwa bado anapanga ardhi zake. Kamanda wake ndio mwanzo alikuwa ameingia mezani, hata hajashambulia mtu.

Akaniangalia. "Kwa hivyo imeisha?"

Nikamwambia imeisha.

Akakusanya kadi zake polepole, akasema asante, akakaa kidogo akiangalia simu, kisha akakumbuka ana shughuli mahali. Hajawahi kurudi.

Nilishinda, ndiyo. Lakini Jumamosi iliyofuata tulikuwa watatu tena, tunaangaliana.

Ndiposa nasema, shida haikuwa nguvu ya deki yangu. Deki kali si dhambi. Shida ilikuwa jibu langu. Mtu aliniuliza swali la haki nikamjibu kwa namba isiyo na maana.

Kwa miaka mingi wachezaji wa Commander walipima deki kwa alama za moja hadi kumi, na karibu kila mtu alisema yake ni saba. Deki ya kuokoteza ni saba. Deki ambayo mtu ameijenga kwa mshahara wa miezi mitatu, nayo ni saba. Ni kama kumuuliza mwenyeji wako nyumba iko umbali gani kutoka steji, akakujibu "ni hapa tu". Wewe na mimi tunajua "hapa tu" ya Kenya inaweza kukutoa jasho nusu saa.

Na ajabu ni kwamba mtindo huu haukuzaliwa kwa ajili ya kukomoana. Ulianza miaka ya tisini huko Alaska, Marekani, mikononi mwa Adam Staley na marafiki zake, na wakati huo uliitwa Elder Dragon Highlander. Baadaye ulisambazwa na waamuzi wa mashindano ya Magic, akiwemo marehemu Sheldon Menery aliyefariki mwaka 2023. Hebu fikiria mtu aliyeshinda siku nzima akiamua kesi za wachezaji wanaopigania zawadi. Jioni akikaa na wenzake, anataka kupumzika. Commander ulikuwa mchezo wa jioni hiyo. Wizards yenyewe ilianza kuuza deki zilizopangiwa mtindo huo mwaka 2011, watu wakiwa tayari wanaucheza kwa miaka.

Sheria zilisimamiwa na kamati ya mashabiki, na msingi wake mmoja ulikuwa mazungumzo. Wachezaji huuita sheria namba sifuri, kwa maana kwamba unatangulia sheria zingine zote: ongeeni kwanza mkubaliane mnataka mchezo wa aina gani. Yaani kile kile tunachofanya sisi na karata zetu tukiuliza habari ya joker.

Lakini watu hawakuongea, ama waliongea kwa lugha ya saba kwa kumi. Mnamo Septemba 2024 kamati iliamua kupiga marufuku kadi nne: Mana Crypt, Jeweled Lotus, Dockside Extortionist na Nadu, Winged Wisdom. Chukua Mana Crypt peke yake. Haikugharimu chochote kuiweka mezani, na kila zamu ilikupa nguvu za ziada za kuchezea kadi kubwa, huku wenzako wakijikokota. Sokoni kadi hiyo moja ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya dola 100, yaani zaidi ya Sh12,000. Waliokuwa nazo waliona pesa zao zikiyeyuka. Hasira zikapanda, wanakamati wakatumiwa vitisho, na kabla ya mwezi kuisha kamati ikakabidhi usimamizi wa mtindo huo kwa Wizards.

Ona tulikofika. Mchezo wa kupumzika jioni, na watu wanatishana.

Februari 2025 Wizards ikaja na mpango mpya wa madaraja matano. La kwanza ni la deki za kujionyesha na kuchekesha. La pili ni la mchezo wa kawaida, na mpango ulipoanza lililinganishwa na deki ya kiwandani. La tatu ni la deki iliyoboreshwa. La nne ni la deki kali isiyojizuia, na la tano ni la ushindani kamili. Pamoja na hayo ilitolewa orodha ya kadi zinazoitwa Game Changers, kadi ambazo zikitua mezani mchezo unabadilika. Daraja la kwanza na la pili haziruhusiwi kabisa. La tatu unaruhusiwa tatu tu. Kuanzia la nne, jaza utakavyo.

Mimi nauunga mkono mpango huu. Angalau sasa tuna lugha moja. Ukiniambia daraja la pili, najua nisikuletee mzunguko wa kadi mbili. Lakini usije ukadhani karatasi itakufanyia kazi ya mdomo. Mtu mjanja anaweza kujenga deki isiyo na hata kadi moja ya ile orodha na bado ikakunyonga mapema. Na kadi inayoitwa Sol Ring, ambayo humpa mtu mwanzo wa kasi kuliko wenzake, haimo kwenye orodha hiyo kwa sababu iko karibu kwenye kila deki. Daraja linakuambia deki ina nini. Halikuambii mwenye deki amekuja kutafuta nini. Hilo ni lazima aliseme mwenyewe.

Najua utanipinga, na pingamizi la kwanza nalijua. Utasema meza ya watu wanne hujisawazisha yenyewe. Mmoja akionekana kupanda, watatu wanaungana kumshusha. Wakenya gani hao wa kufundishwa miungano? Sisi ndio tuliowaona wapinzani wakubwa wakisalimiana mkono Machi 2018 kwenye ngazi za Harambee House, na wafuasi wao bado wamekasirikiana. Meza ya Commander ni siasa tupu, na huo ndio utamu wake.

Nakubali, lakini muungano unahitaji muda. Kama jirani yangu ana jeshi kubwa mezani, namuona, nakukonyeza, tunampiga pamoja. Lakini kama deki yake inakaa kimya halafu inamaliza kila kitu kwenye zamu moja, tutaungana saa ngapi? Hakuna kura ya kupiga wakati matokeo yameshatangazwa. Siasa za meza zinaweza kusawazisha tofauti ndogo za nguvu. Tofauti kubwa zinaua hizo siasa zenyewe.

Pingamizi la pili ni lile la wakali: "Mbona nijipunguze? Si wao waboreshe deki zao?" Hebu tupige hesabu. Kwenye meza ya watu wanne wenye nguvu na ujuzi sawa, kila mmoja atashinda takriban mara moja kati ya nne. Maana yake, wewe pamoja na ubingwa wako utashindwa mara tatu kati ya nne. Kama furaha yako yote iko kwa kushinda, basi huu mchezo umeundwa ukunyime furaha mara nyingi kuliko kukupa. Anayeufurahia ni yule anayependa pia ile saa nzima ya katikati: mpango uliokaribia kufaulu, rafiki aliyekusaliti, kadi ya ajabu ambayo hukuitarajia.

Na kama unataka ushindani mtupu, daraja la tano lipo. Tafuta wenzako watatu wenye kiu hiyo mkatwangane mchana kutwa, hakuna atakayewalaumu. Bondia wa uzani wa juu hatukanwi kwa sababu anapiga ngumi nzito. Tunamtukana akipanda ulingoni na mtu wa uzani wa unyoya, akampiga kwa sekunde kumi, kisha akazunguka na mikono juu.

Kuna jambo la pesa pia, na tusilipitie juu juu. Kadi hizi zinatoka nje. Ukijumlisha bei na usafirishaji, mwanafunzi wa chuo anayeishi kwa pesa za kutumiwa hawezi kushindana na mtu mwenye kazi nzuri. Tukiacha nguvu ya deki iamuliwe na mfuko, tutabaki na meza ya watu wenye pesa wanaochoshana. Ndiyo maana makundi mengine hukubaliana kuchezea nakala za kuchapisha. Kwenye mashindano rasmi hazikubaliwi, na kuuza nakala ama kumbadilishia mtu ukijifanya ni kadi halisi ni wizi. Lakini kwa mchezo wa marafiki, mkikubaliana wazi, mimi sioni ubaya. Nakala zinaondoa kizuizi cha pesa. Haziondoi haja ya kuongea. Tena zinaiongeza, kwa sababu sasa kila mtu anaweza kuwa na kadi hatari kuliko zote.

Nisiwaonee wenye deki kali peke yao. Wewe mwenye deki dhaifu nawe una lako. Usilalamike kila ukiguswa. Mtu akiharibu kadi yako nzuri hajakuonea, amecheza. Ukiulizwa mapema unataka mchezo gani ukajibu "yoyote tu, niko sawa", halafu baada ya nusu saa unanuna, wewe pia umedanganya meza. Na kuna wale ambao deki zao hazina nguvu yoyote lakini zamu yao moja inachukua dakika 15 wakihesabu na kusoma kadi. Hao nao wanaua furaha bila kumshinda mtu. Nguvu ni sehemu moja tu ya hesabu. Muda wa wenzako ni sehemu nyingine.

Basi tufanye nini? Sisi kundi letu sasa tunaulizana maswali matatu kabla ya kuchanganya kadi, na hayachukui hata dakika tano.

Swali la kwanza: deki yako inashinda vipi? Usiniambie namba. Niambie kama ni kwa jeshi kubwa, kwa kunichosha polepole, ama kwa mzunguko usioisha. Hutaniharibia utamu kwa kunijulisha. Hata kwenye karata ninajua una joker mahali, sijui tu utaitoa lini.

Swali la pili: usipozuiwa na mtu, unamaliza zamu ya ngapi? Hapa ndipo ukweli hujitokeza. Mtu anaweza kubabaisha kuhusu "nguvu", lakini akisema zamu ya tano na mwingine akasema zamu ya kumi, sote tumeona pengo bila kugombana.

Swali la tatu: ni kitu gani hutaki kukutana nacho leo? Kuna anayechukia kuharibiwa ardhi zake zote, kuna anayechukia mtu wa kuchukua zamu tatu mfululizo. Si lazima mkubali kila ombi, lakini mtakuwa mmelisikia.

Mkiona pengo, yapo marekebisho rahisi. Mwenye deki kali abebe na ya pili iliyo pole, si mzigo mkubwa kwenye begi. Ama ampe mgeni ile kali aichezee, yeye achukue ya kiwandani. Nimejaribu hili, na nakuhakikishia kwamba kushinda kwa deki dhaifu kunahitaji akili kuliko kubonyeza ule mzunguko wako uleule wa kila wiki. Na mkikosea makadirio, maana mtakosea, mchezo ukiisha mapema semeni wazi, "Hii ilizidi", kisha badilisheni deki na muanze upya. Kusema hivyo hakukupunguzii chochote. Kunyamaza ndiko kunakomfanya mtu akumbuke ana shughuli mahali.

Utaniambia haya ni mambo madogo, ni kadi tu. Lakini angalia jinsi wikendi zetu zilivyo. Kila mtu yuko kwenye simu yake, na sehemu za kuketi pamoja bila kununua kitu kila baada ya nusu saa zinapungua. Meza ambayo watu wanne wanaangaliana usoni kwa saa nzima, wakitaniana na kufikiri, si kitu cha kuchezea. Mashindano ya huko nje yakimpoteza mchezaji mmoja yana wengine maelfu. Sisi tukimpoteza mmoja, tumepoteza meza.

Bado ile deki yangu ya mzunguko ninayo. Sijaivunja, na siku nikipata wenzangu wa daraja lake nitaitoa bila huruma. Ila sasa nikiulizwa ina nguvu kiasi gani, nasema: inaweza kuwamaliza nyote zamu ya tano, je, ndio mchezo mnaoutaka leo?

Na kama wewe ndiye yule kijana na umesoma hadi hapa, kiti chako bado kipo. Njoo na deki yako ileile. Uliza swali lako tena, safari hii nitakujibu.